Mchezo wa Kufyatua Risasi: Je, Unamfaa Mtoto Wetu?

Kila sifa njema ni zake Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Masahaba zake. Ama baada ya hayo:

Ndugu Waislamu, kila zinapofika likizo za shule wazazi hutuuliza swali hili: mtoto wa miaka kumi au kumi na miwili anataka mchezo wa video wa kupigana kwa bunduki, au ameshaupakua mwenyewe katika simu ya baba yake. Je, inafaa? Wapo wanaojibu kwa haraka kwamba kila mchezo wa kompyuta ni haramu. Wapo pia wanaojibu, kwa haraka ile ile, kwamba huo ni mchezo tu na hakuna anayekufa. Majibu yote mawili hayatoshi. Wanazuoni wetu wametufundisha kwamba kukihukumu kitu ni tawi la kukifahamu. Basi na tuanze kwa kukifahamu.

Tuchukue mfano wa Call of Duty, mfululizo wa michezo ulioanza mwaka 2003 na ulioenea duniani kote. Mchezaji hamtazami askari kwa mbali kama katika sinema. Anaona kwa macho ya askari mwenyewe, mtutu wa bunduki uko mbele yake, na kidole chake ndicho kinachofyatua. Katika toleo la mwaka 2009, Modern Warfare 2, imo sehemu ambayo mchezaji hutiwa ndani ya kundi la magaidi wanaoingia uwanja wa ndege mjini Moscow na kuwamiminia risasi abiria wasio na silaha. Watengenezaji wenyewe waliweka onyo na wakatoa nafasi ya kuiruka sehemu hiyo. Katika toleo la Urusi iliondolewa kabisa. Katika matoleo ya Ujerumani na Japani, mchezaji akimuua raia alihesabiwa kuwa ameshindwa.

Wala wauzaji hawakudai kwamba bidhaa hiyo ni ya watoto. Ulaya ina mfumo uitwao PEGI, uliowekwa mwaka 2003, unaoupa kila mchezo alama ya umri: 3, 7, 12, 16 au 18. Mchezo huo ulipewa 18. Marekani, bodi ya ESRB iliyoanzishwa mwaka 1994 iliupa alama ya M, maana yake miaka 17 na kuendelea. Wazazi wengi hudhani namba hizo zinaeleza ugumu wa mchezo, kwa hiyo hujivunia kuwa mtoto wao ni hodari. Sivyo. Namba hizo zinaeleza yaliyomo: damu, mauaji, matusi, uchi na kamari.

Hata hivyo, alama peke yake hailindi. Huko Marekani, mwaka 2011 Mahakama Kuu ya nchi hiyo, kwa kura 7 dhidi ya 2, iliitengua sheria ya jimbo la California iliyokataza kuwauzia watoto michezo ya aina hii. Kwetu hali ni nyepesi zaidi. Mtoto anayelipa sarafu zake katika kibanda cha michezo hakioni hata kifuniko chenye namba. Mlinzi aliyebaki ni mzazi.

Hapa uadilifu unatulazimu tuseme kweli yote. Sura ya Al-Israa, aya ya 36, inatukataza kufuata tusilolijua. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford waliwachunguza vijana wapatao 1,000 wa Uingereza, wenye miaka 14 na 15, na hawakuona uhusiano baina ya michezo hii na ukali wa tabia. Mwaka 2020 Chama cha Wanasaikolojia wa Marekani kilisema hakuna ushahidi wa kutosha kwamba michezo hii huleta mauaji, ingawa kipo kiungo kidogo na ukali mdogo kama kupiga kelele na kusukumana. Kwa hiyo hatumwambii mzazi kwamba mwanawe atakuwa muuaji.

Lakini je, malezi ya Kiislamu yanaishia hapo tu, mtoto asiwe muuaji? Sura ya Al-Maida, aya ya 32, inafananisha kuua nafsi moja bila ya haki na kuua watu wote. Katika Hadithi iliyopokewa na Imamu Muslim, malaika humlaani mtu anayemwelekezea nduguye chuma, japo ni ndugu wa baba na mama. Dini inayoogopa silaha ielekezwe kwa mzaha, itaridhikaje mtoto aburudike kwa kuhesabu waliokufa? Moyo wa mtoto ndio kwanza unajifunza uzito wa roho ya mtu.

Jambo la pili ni wakati. Mchezo unaochezwa na wengi kwa intaneti haumsubiri mtu. Mtoto anayeitwa kuswali Magharibi akajibu "bado kidogo" huenda hana kiburi. Akitoka atashindwa na wenzake watamlaumu. Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 liliidhinisha uraibu wa michezo ya video kuwa katika orodha yake ya maradhi, na orodha hiyo ilianza kutumika mwaka 2022.

La tatu ni heshima ya dini. Mwaka 2021, katika toleo la Vanguard la mfululizo huo huo, kurasa za Qur'ani zilionekana zimetupwa sakafuni. Waislamu walilalamika, kampuni ikaomba radhi na kuziondoa. Mtoto angeyajuaje hayo pasipo mtu mzima kando yake?

Huenda mtu akasema: je, Wahabeshi hawakucheza kwa mikuki msikitini siku ya Idi? Ni kweli, na Bibi Aisha (R.A.) alitazama. Lakini ule ulikuwa ustadi bila ya damu, mbele ya macho ya Mtume (S.A.W.). Hadithi hiyo ni hoja ya kuruhusu michezo, na ni hoja vilevile ya kuwepo mlezi.

Naye kijana wa miaka 15 atasema: "Mimi nimeshabaleghe." Tumrejeshe kwenye Sura ya An-Nisaa, aya ya 6. Yatima hakabidhiwi mali yake kwa kufikia umri tu, mpaka uonekane kwake ukomavu wa akili. Ikiwa mali yahitaji ukomavu, moyo je?

Basi rai yetu ni hii: mchezo wenye alama ya 18 au M haumfai mtoto, na mzazi anayemnunulia huku akijua amepuuza amana. Mwenye alama ya 16 asipewe mtoto ambaye hajabaleghe. Mzazi aitafute namba kabla ya kulipa. Akae na mwanawe nusu saa autazame mchezo wenyewe. Muda wa kucheza upangwe baada ya sala, si kabla yake kwa dakika chache. Mazungumzo na wasiojulikana yafungwe. Anayekataza atoe badala: uwanja wa mpira, kitabu, au mchezo wa kandanda kama EA Sports FC, mradi asinunue vile vifurushi vya kubahatisha vilivyomo, maana vinafanana na kamari. Wala asimnyang'anye mtoto simu kwa makofi ilhali yeye mwenyewe anakesha kutazama filamu za mauaji.

Mtume (S.A.W.) ametufunza kwamba kila mmoja wetu ni mchunga na ataulizwa juu ya alichokichunga. Mtoto mdogo kalamu imeinuliwa juu yake. Ya mzazi haijainuliwa.

Tunamuomba Allah (S.W.) awafanye watoto wetu kuwa kitulizo cha macho yetu, na atuwafikishe kuilinda amana hii. Amin. Wabillahi tawfiq.