Tamthilia Isiyo na Kitabu: Hoja ya Kuwatetea Wachekeshaji wa Vyuoni

Utangulizi

Miongoni mwa kauli zinazopokewa bila kuhojiwa katika idara zetu za Kiswahili ni ile isemayo kuwa kichekesho kinachobuniwa papo hapo jukwaani na kikundi cha wanafunzi, bila mswada, si kazi ya fasihi. Huhesabiwa kuwa burudani ya jioni. Mwanafunzi wa uzamili anayependekeza kukifanyia utafiti huulizwa swali moja: matini iko wapi?

Makala haya yanaipinga kauli hiyo kwa hoja tatu. Kwanza, kipimo cha maandishi kinachotumiwa kuvikataa vikundi hivi kinapingana na nadharia ya fasihi simulizi tunayoifundisha sisi wenyewe. Pili, kazi ya mwanakikundi ni utunzi wenye kanuni zinazoweza kuelezwa na kuhakikiwa. Tatu, kwa kuikataa kazi hiyo, uhakiki wa Kiswahili umeacha bila mhakiki aina ya maigizo inayogusa kwa karibu zaidi uhusiano wa jamii zetu na watawala wao. Mifano yetu ya mtaani inatoka Umoja, katika Eastlands ya Nairobi, kwa kuwa wengi wa wanaopanda jukwaa la chuo wamekwisha kufunzwa kutunga papo hapo katika mitaa kama huo kabla ya kukanyaga chuo.

Kipimo kinachojipinga

Katika makala yake "Tanzu za Fasihi Simulizi" (Mulika 21, 1989), Mulokozi anaieleza fasihi simulizi kuwa ni tukio, na kutaja vipengele vinavyoliumba: fanani, hadhira, fani, mahali na wakati. Makala hayo yamo katika takriban kila orodha ya usomaji ya kozi ya fasihi simulizi. Mwanafunzi hufunzwa kwamba matini iliyochapishwa ya ngano ni kivuli cha ngano, na kwamba anayeisoma ukurasani hajaipata yote. Juma lifuatalo mwanafunzi huyohuyo huingia katika kozi ya tamthilia na kuambiwa kwamba mchezo usioandikwa haupo. Haiwezekani mafunzo haya mawili yakawa kweli kwa pamoja.

Wengine hujitetea kwa kusema kuwa ngano na majigambo ni urithi wa kale, ilhali kichekesho cha chuoni kimeletwa juzi kutoka ng'ambo. Hoja hii ina sehemu ndogo ya ukweli. Kikundi cha Compass kilianzia katika mazingira ya Chuo Kikuu cha Chicago mwaka 1955. Second City ilifunguliwa katika jiji hilo mwaka 1959. Na kitabu cha Viola Spolin juu ya mazoezi ya uigizaji wa papo hapo kilichapishwa mwaka 1963. Wanafunzi wetu wengi wa leo wamezipata kanuni hizo kupitia video. Lakini Afrika Mashariki ilikuwa na vichekesho vyake kabla ya video hizo. Ebrahim Hussein alivijadili vichekesho vya Kiswahili katika tasnifu yake ya uzamifu aliyoiwasilisha Berlin mwaka 1975, na baada yake wataalamu wa sanaa za maonyesho wa Tanzania wameendelea kuvitafiti. Vilikuwa vipande vifupi visivyo na mswada, vilivyojengwa juu ya wahusika wanaofahamika na kujazwa maneno na waigizaji wenyewe mbele ya watazamaji.

Mfano wenye uzito zaidi unatoka Lubumbashi. Mwaka 1986 kundi la Mufwankolo lilianza na methali moja juu ya kuula utawala mzima bila kugawana, likaijadili, likaigawa katika maonyesho, na kwa mazoezi ya mdomo likaikuza kuwa mchezo kamili katika Kiswahili cha Shaba. Johannes Fabian alirekodi mijadala, mazoezi na onyesho, akayanukuu yote, na kuyachapisha katika kitabu chake Power and Performance (1990). Kwa hiyo kumbukumbu mojawapo iliyo kamili zaidi ya namna tamthilia ya Kiswahili inavyotungwa bila kalamu iliandikwa na mwanaanthropolojia na kuchapishwa Wisconsin. Matini ilikuwapo. Waliotakiwa kuinukuu, yaani sisi, ndio waliokosekana.

Anachokifanya mwanakikundi

Kauli ya pili tunayoipinga ni kwamba kichekesho cha papo hapo hakihitaji ujuzi, kwa kuwa mchekeshaji husema lolote linalomjia. Anayesema hivi hajawahi kukaa katika mazoezi ya kikundi chochote.

Wanafunzi wanne au watano husimama mbele ya hadhira. Mmoja huomba mahali na uhusiano. Hadhira hujibu, tuseme, kituo cha matatu, mama mkwe na mkaza mwana. Kuanzia hapo kila tamko ni tendo la utunzi linalowafunga wenzake. Mwigizaji wa kwanza akisema kuwa mvua inanyesha, wa pili akadai kuwa jua linawaka, onyesho limekwisha kabla ya kuanza. Kanuni ya kwanza ni kulipokea alilotoa mwenzako na kuliongezea. Ya pili ni kumbukumbu: jina lililotajwa dakika ya kwanza, mlango wa kuwaziwa uliofunguliwa upande wa kushoto na deni ambalo mkaza mwana hajalilipa sharti vibaki pale vilipowekwa, kwani kicheko kikubwa huja pale jambo lililosahauliwa na watazamaji linaporejeshwa mahali pasipotarajiwa. Ya tatu ni kujua wakati wa kunyamaza. Mazoezi, basi, hayakariri maneno. Hujenga mazoea ya kusikiliza.

Kanuni hizi hazina ugeni wowote kwa mtoto wa Umoja. Mtaa huo ulianza kujengwa katika miaka ya 1970 kwa mkopo uliodhaminiwa na Marekani. Katika awamu ya Umoja II nyumba ndogondogo zilipangwa kuzunguka ua wa pamoja, na baadaye wenyeji wakaziinua kuwa maghorofa ya kupangisha. Katika nyua na ngazi hizo, watoto wa jamii ambazo wazazi wao hawana lugha moja ya mama hukutana kila jioni na kuchongoana. Mchongoano una umbo thabiti: dai, kiunganishi "hadi" au "mpaka", kisha tokeo lisilowezekana. Tutoe mfano tuliouunda wenyewe. Mmoja anasema, "Nyumba yenu ni ndogo hadi jua likiingia nyinyi mnatoka." Mwenzake anajibu, "Nanyi mna shida hadi jua lenyewe mlikopa kwetu." Anayejibu hakukanusha kuwa nyumba yao ni ndogo. Amelichukua jua la mpinzani, akalifanya mali ya kwao, na kumgeuza mpinzani kuwa mdeni. Angekanusha angeshindwa, na kundi linalosikiliza lingemzomea papo hapo. Kupokea, kuongeza na kukumbuka, mbele ya hadhira inayohukumu: mafunzo yote ya kikundi cha chuo yamo humo.

Hapa ndipo penye ladha ya uanachama wa vikundi hivi, na ndipo penye changamoto kwa nadharia zetu za utunzi. Mwanakikundi hawezi kudai kuwa sentensi fulani ni yake. Iliyomchekesha mtazamaji ilitokana na neno la mtazamaji mwenyewe, ikaandaliwa na mwigizaji aliyetangulia, ikakamilishwa na aliyefuata. Uhakiki uliozoea kuuliza "mwandishi anakusudia nini?" huishiwa na la kusema. Hilo ni pungufu la swali, wala lisihesabiwe kuwa pungufu la kazi.

Suala la lugha

Pingamizi la tatu ni la lugha. Inadaiwa kuwa vikundi hivi huharibu Kiswahili kwa Sheng, na kwamba idara ya Kiswahili haiwezi kuuhifadhi uharibifu. Tangu Abdulaziz na Osinde wachapishe makala yao juu ya Sheng na Engsh mwaka 1997, hakuna udhuru wa kuizungumzia Sheng kana kwamba ni kelele isiyo na mpangilio. Ila hata anayeichukia Sheng anapaswa kuona kwamba jukwaani ina kazi ya kisanaa. Chifu anayezungumza Kiswahili cha barua za serikali, kijana anayemjibu kwa Sheng na mama anayewapatanisha kwa Kiswahili cha sokoni ni wahusika watatu waliochorwa kwa lugha tu, bila maleba wala mapambo. Tunapomkuta mwandishi wa riwaya akifanya hivyo tunamsifu kwa umahiri wa kutofautisha rejista. Mwanafunzi akifanya hivyo kwa sekunde tatu, bila nafasi ya kufuta, tunamshtaki kwa uharibifu.

Jukwaa na mamlaka

Mwishoni mwa miaka ya 1990, wanafunzi watatu wa Chuo Kikuu cha Kenyatta, Walter Mong'are, John Kiarie na Tony Njuguna, waliunda kikundi cha Redykyulass. Walimwiga Rais Moi, sauti, mkono na mwendo, kwanza mbele ya hadhira za kumbi na baadaye kwenye televisheni ya Nation, wakati Moi bado yuko madarakani. Vipande vyao vilikuwa vimetayarishwa, tofauti na kichekesho kinachoanza na neno la hadhira, lakini nguvu yake ilikuwa katika mwili na sauti. Mswada wowote ungekuwa masalio tu. Hadi Moi alipoondoka Desemba 2002, Wakenya walikuwa wamekwisha kuzoea kumcheka hadharani mtu ambaye miaka kumi kabla yake walimtaja kwa kunong'ona. Ni tamthilia gani ya Kiswahili iliyochapishwa katika kipindi hicho inayoweza kudai athari kama hiyo kwa hadhira kubwa kiasi hicho? Hata hivyo, Redykyulass ikitajwa katika madarasa ya fasihi ni kwa nadra, nayo hutajwa kama kisa cha historia ya televisheni.

Mamlaka hayajawahi kulikosea jukwaa namna hii. Chini ya sheria ya filamu na michezo ya jukwaani, iliyotungwa kabla ya uhuru, maonyesho yalihitaji leseni, na Novemba 1977 leseni ya mchezo wa wanakijiji wa Kamiriithu ilifutwa. Mwaka 1982 serikali iliubomoa ukumbi wao. Mfano wa karibu zaidi ni wa Aprili 2025, wanafunzi wa Shule ya Wasichana ya Butere walipoondoka Nakuru, penye tamasha la taifa la michezo ya kuigiza, bila kuonyesha mchezo wao Echoes of War, licha ya amri ya Mahakama Kuu ya kuwaruhusu. Linganisha na Kigogo ya Pauline Kea (2016), tamthilia inayomvua nguo mtawala dhalimu, ambayo ilikuwa kitabu teule na kusomwa katika shule za upili nchi nzima. Kitabu kinachomkemea mtawala hufundishwa; jukwaa linalomkemea hutiwa kufuli. Mkaguzi anajua kwamba maana huzaliwa mbele ya watu. Mhakiki anayesubiri mswada ndipo aamini kuwa kuna kazi amezidiwa elimu na mkaguzi.

Uzito wa pingamizi lililosalia

Lipo pingamizi moja tunaloliheshimu. Vichekesho vingi vya vyuoni ni dhaifu. Hutegemea lafudhi za makabila na dhihaka dhidi ya wanawake, na katika nchi iliyoshuhudia umwagaji damu wa 2007 na 2008 dhihaka hizo si jambo la kupuuzwa. Ni kweli. Lakini kazi ya kutenganisha kichekesho kinachofungua na kinachodhalilisha ni ya nani kama si ya mhakiki?

Kumbuka Benson Wanjau, aliyefariki mwaka 2015. Kwa miaka mingi alikuwa Mzee Ojwang wa Vitimbi, mwenye lafudhi ya Kijaluo, ilhali yeye mwenyewe hakuwa Mjaluo, na nchi nzima ikampenda. Ni nini kilichoifanya lafudhi ile ipokewe kwa mapenzi, na lafudhi hiyohiyo katika kinywa cha mwingine ipokewe kama tusi? Je, ni kwamba Ojwang alikuwa mtu mzima, mwenye mke, hasira, tamaa na haya, na lafudhi ilikuwa moja tu ya sifa zake? Sisi tunaamini hivyo, na wengine watatupinga. Mjadala huo una manufaa kwa taifa, nao unahitaji istilahi za uhakiki tulizo nazo. Tukiuacha, vikundi vitabaki na hakimu mmoja, ukubwa wa kicheko, na hakimu huyo hapambanui.

Hitimisho

Tunapendekeza hatua tatu. Kozi za tamthilia ziwe na sehemu ya maigizo yasiyoandikwa, kuanzia vichekesho na Mufwankolo hadi vikundi vya sasa. Idara zirekodi maonyesho ya wanafunzi wake na kuhifadhi pamoja nayo tarehe, mahali, idadi na miitikio ya hadhira, kwa kuwa bila hayo rekodi ni nusu ya tukio. Na kanuni za uzamili zikubali onyesho lililorekodiwa na kunukuliwa kuwa matini ya msingi ya tasnifu.

Hatua hizi hazidai fedha nyingi. Simu iliyomo mfukoni mwa kila mwanafunzi inatosha kuanzia. Zinadai tu kwamba profesa aende ukumbini Ijumaa jioni, akae safu ya nyuma, na alisikilize kundi lililosikilizana vizuri kuliko baraza lolote la idara tulilowahi kulihudhuria. Kisha mwanafunzi atakapokuja ofisini na pendekezo lake, swali la matini iko wapi litajibiwa na profesa mwenyewe.