Mburuto wa Ufa Si Pambo la Modeli

Mburuto wa ufa ni kupinda kwa matabaka ya miamba kando ya ufa. Hoja kwamba mpindo huo ni mdogo mno, na kwamba programu-jalizi za kuuchora kwenye modeli za miamba ni anasa, haistahimili hesabu. Chukuliwe ufa wenye mshuko wa jumla wa mita 60 na tabaka la mchanga lenye mafuta, unene mita 40. Bila mburuto, mchanga wa upande mmoja hauugusi wa pili. Matabaka yakipinda mita 15 kila upande, mkato wa tabaka ufani hubaki mita 30: mchanga hugusana kwa mita 10, na mafuta yanaweza kupita. Hiyo ni tofauti ya kisima kizima.

Katika Petrel, programu ya kuunda modeli za miamba, data za karibu na ufa hupuuzwa kwa umbali uliowekwa, maana picha ya mitetemo hapo ni hafifu; uso wa tabaka kisha hunyooshwa hadi ufani, na mpindo hutoweka. Mfumo wa Ocean, wa kuandikia programu-jalizi za Petrel, huruhusu kanuni nyingine kuandikwa kwa lugha ya C#: upana wa ukanda unaopinda, kiasi cha mpindo, mwelekeo wake. Mwelekeo hasa, kwani kwenye delta ya Niger matabaka ya upande ulioshuka mara nyingi huinamia ufa, kinyume cha mburuto wa kawaida.

Kanuni isiyopimwa kwa visima ni ubahatishaji, kweli. Lakini katika eneo la mafuta la Gullfaks, Norway, vipimo vya mwinamo visimani vilionyesha mburuto. Kuunyoosha nako ni kubahatisha, tena bila kukiri.