Ulanzi Una Kosa Gani?

Wako ndugu zetu ambao wakishapata cheo na gari huona haya kushika kopo la ulanzi mbele za watu. Wakija Njombe kwa harusi au mkutano hutaka divai ya Ufaransa, na wakiletewa chupa iliyoandikwa Les Forts de Latour huinua shingo kana kwamba wameteuliwa mabalozi. Twawauliza mabwana hao: mwajua mnywacho?

Hiyo ni divai ya pili. Shamba la Château Latour, huko Pauillac karibu na Bordeaux, hutia jina lake kubwa juu ya zabibu za kiini cha shamba tu, hektari 47 hivi. Zabibu za mizabibu michanga na za vipande vya nje huingia katika chupa ya jina la pili, iliyoanza na mavuno ya mwaka 1966. Si divai mbaya, ni nzuri sana, na hatuna ugomvi na mkulima wa Kifaransa. Twamwonea wivu! Hata kisichofika daraja la kwanza amekipa jina, akakilinda, na dunia yalipa. Daraja lenyewe lilipangwa na madalali wa Bordeaux mwaka 1855 kwa ajili ya maonyesho ya Paris, na kipimo chao kikubwa kilikuwa bei ya sokoni. Tangu hapo shamba moja tu, Mouton, ndilo lililopandishwa daraja, mwaka 1973. Basi Wabenzi wetu wasujudia orodha ya madalali waliokufa zamani.

Sasa tuje Makambako. Mvua zikinyesha, mgema hukata ncha ya chipukizi la mwanzi, akatega mbeta, kisha asubuhi na jioni hurudi kulichonga kidogo ili maji yasikome kutoka. Maji yale matamu, mtogwa, huchacha yenyewe yakawa mkangafu. Ardhi ipo, majira yapo, ufundi wa kurithi upo. Lakini ulanzi wauzwa kwa dumu na kopo kando ya barabara, na bei huitaja mnunuzi, maana usiponunuliwa leo kesho umekuwa mkali mno. Mfaransa huweka pipa miaka, akangoja. Mgema wetu hawezi kungoja hata siku mbili, na asiyeweza kungoja hapangi bei.

Husemwa ulanzi mwingine hutiwa maji. Ni kweli. Divai ya Ufaransa nayo ilighushiwa na walaghai, mpaka zikatungwa sheria mwaka 1905 na tena 1935. Wafaransa hawakuing'oa mizabibu kwa aibu! Aibu hii yetu ni kasumba ya Mwingereza, aliyeitenga "pombe ya wenyeji" na vinywaji vya mabwana.

Hatuhubiri ulevi, na asiyekunywa kwa dini yake twamheshimu. Shauri hili ni la jasho la mkulima. Twazitaka halmashauri za mji za Njombe na Makambako ziwasaidie wagema kuunda ushirika wao, wenye mahali safi pa kuchemshia ulanzi na kuutia chupani, na mkaguzi asiyehongeka, na jina la Njombe juu ya chupa, ambalo mlaghai akilitumia ashitakiwe. Na mkutano ujao wa chama ukifanyika huku, mbeta iwekwe juu ya meza kuu.