Asiyewalipa Wakandarasi Wadogo Anyimwe Zabuni

Jengo linapokamilika Kololo au Nakasero, jina linalobaki kwenye ubao ulio mbele yake ni la mkandarasi mkuu peke yake. Mwenye lori aliyeleta mchanga kutoka Lwera, fundi wa Katwe aliyechomelea milango, muuza mbao wa Ndeeba na kijana aliyetandaza nyaya za umeme hawaandikwi popote. Hilo si neno, kwani hakuna aliyekwenda kazini kutafuta kuandikwa. Walikwenda kutafuta malipo, na wengi wao huondoka bila malipo hayo.

Askari wetu wanaijua habari hii kuliko inavyodhaniwa. Wapo waliostaafu kwa heshima wakatia kiinua mgongo chao katika lori moja au mashine ya kuchanganya zege, wakachukua kazi ndogo chini ya kampuni kubwa, na baada ya miezi sita wakabaki na karatasi za madai mkononi huku benki ikiwadai wao. Wapo pia polisi wanaoitwa alfajiri kwenda kufungua lango la mahali pa ujenzi, kwa sababu mafundi wasiolipwa wamelifunga kwa mnyororo. Hapo polisi huwekwa kati ya mtu mwenye hati ya mkataba na mtu mwenye njaa, naye hakupewa mamlaka ya kukata shauri lao.

Tutazame jinsi fedha inavyotembea. Mwenye kazi, mara nyingi Serikali, humpa mkandarasi mkuu malipo ya kuanzia, kisha humlipa kwa vipande kila mhandisi anapothibitisha kuwa sehemu fulani imekamilika. Ndani ya kila kipande imo jasho la wadogo. Lakini katika mikataba yao na mkuu limepenyezwa sharti lisemalo, kwa maneno mengine, "nitakulipa nikilipwa". Sharti hilo humfanya mwenye lori moja kuwa mkopeshaji wa kampuni yenye malori mia. Uingereza ililipiga marufuku kwa sheria ya ujenzi ya mwaka 1996, isipokuwa pale ambapo mwenye kazi amefilisika. Hatuoni kwa nini liendelee kuheshimiwa hapa kana kwamba ni amri ya Mungu.

Haki inatudai tuseme pia kuwa mkuu naye hucheleweshewa. Ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zimelitaja deni la ndani mwaka baada ya mwaka, na katika deni hilo wamo wakandarasi waliomaliza kazi na wakangoja. Julai 2022 Bunge liliidhinisha shilingi bilioni 207 kununua hisa katika kampuni ya Roko, ambayo imejenga nchini tangu 1969, na ambayo ndiyo iliyokuwa imepewa kazi ya ukumbi mpya wa Bunge lenyewe. Kampuni ilikuwa imezama katika madeni, na waliokuwa wakiidai ni pamoja na mabenki, wauzaji wa vifaa na wakandarasi wadogo. Wabunge walibishana vikali, na si bila sababu. Kampuni kubwa ilipozama ilipata mlango wa Bunge wa kubisha. Fundi mabomba aliyezama pamoja nayo angebisha wapi?

Kwa hiyo anayecheleweshewa na Serikali tunamwelewa. Adhabu tunayoizungumzia inamhusu yule aliyelipwa, akatia sahihi, kisha akaipeleka fedha ya wadogo kwenye kiwanja kingine, gari jingine, au zabuni nyingine anayoiwinda. Huyo hana udhuru.

Ni nani wa kumwadhibu? Jirani zetu wamelijibu swali hili kwa njia moja. Tanzania ina Bodi ya Usajili wa Makandarasi, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 1997, na asiyesajiliwa nayo haruhusiwi kufanya kazi hiyo. Kenya iliunda mamlaka yake ya ujenzi kwa sheria ya mwaka 2011, ikawagawa wakandarasi katika madaraja manane. Chombo kinachotoa leseni kinaweza kuinyang'anya, na mkandarasi analijua hilo anaposhika kalamu ya hundi. Kwetu Uganda, chama cha wakandarasi, UNABCEC, ni chama cha hiari. Kinaweza kumkemea mwanachama au kumfukuza, lakini aliyefukuzwa haachi kuwa mkandarasi kwa sababu hiyo. Sera ya sekta ya ujenzi ya mwaka 2010 ilipendekeza tume yenye meno, na zaidi ya miaka kumi baadaye wenye kazi hiyo walikuwa bado wakiidai.

Iliyopo ni PPDA, mamlaka ya kusimamia ununuzi wa umma iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003. Inao uwezo wa kumsimamisha mtoa huduma asishiriki zabuni za Serikali, na kwa kampuni inayoishi kwa barabara na shule za Serikali, adhabu hiyo ni kali kuliko faini yoyote. Miongozo yake ya mwaka 2018 ilitaka pia asilimia 30 ya thamani ya kazi kubwa za ujenzi zinazopewa wageni zigawiwe kampuni za Kiuganda. Ni jambo jema. Hata hivyo, kumgawia mwananchi asilimia 30 ya kazi bila kuhakikisha kuwa amepata asilimia 30 ya fedha ni kumgawia mzigo tu. Tunataka kutowalipa wadogo kuhesabiwe wazi kuwa sababu ya kusimamishwa, na majina ya waliosimamishwa yatangazwe ili hata mwenye kujenga nyumba yake binafsi Bugolobi ayasome kabla ya kutia sahihi.

Barabara ya Mukono–Katosi ilitufundisha upande mwingine wa jambo hili. Mwaka 2013 kazi ya shilingi bilioni 165 ilipewa kampuni ya Eutaw, ikalipwa malipo ya kuanzia ya shilingi bilioni 24 na zaidi, na kazi yenyewe ikakabidhiwa kampuni nyingine ya kutoka China. Mwaka uliofuata mambo yalifichuka, kazi ikasimama na kesi zikafika Mahakama ya Kupambana na Rushwa. Fedha ilipita mlango mmoja, sururu zikapita mlango mwingine, na hakuna aliyekuwa amesimama katikati kuhesabu.

Sisi wanajeshi tumewahi kuuguza ugonjwa unaofanana na huu. Uchunguzi wa mwaka 2003 kuhusu askari hewa ulionyesha yanayotokea fedha ya wengi inapopitia mikononi mwa wachache. Makemeo ya gwaride peke yake hayakutosha kuwa dawa. Mshahara ulipelekwa moja kwa moja katika akaunti ya kila askari, na kamanda akabaki na kazi yake ya kuamrisha. Katika ujenzi njia ya namna hiyo imeandikwa tayari. Masharti ya FIDIC, yanayotumika katika kazi nyingi kubwa za barabara, yanamruhusu mhandisi kudai ushahidi kuwa wakandarasi wadogo walioteuliwa na mwenye kazi wamelipwa kabla hajathibitisha malipo mengine, na yanamruhusu mwenye kazi kuwalipa yeye mwenyewe na kumkata mkuu. Ruhusa hiyo ifanywe wajibu, na iwafikie wadogo wote, hata wale walioajiriwa na mkuu mwenyewe.

Hapa hatuwezi kujitoa. Jeshi nalo limekuwa mkandarasi. Kikosi chetu cha uhandisi hujenga, na Shirika la NEC, lililoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1989, hushika kandarasi na hununua mchanga na kokoto kwa raia kama kampuni nyingine yoyote. Raia anayemdai mwenye sare huogopa kudai mara ya pili. Kwa sababu hiyo mhasibu wetu anapaswa kumlipa kabla hajaja kudai mara ya kwanza, na kanuni tunayoitaka kwa wengine ianze kutumika kwetu.

Kuhusu polisi kwenye lango lililofungwa, deni la mkataba ni shauri la madai. Hakuna OC aliye na haki ya kumweka mtu mahabusu ili alipe, wala ya kuwatawanya mafundi kwa virungu ili asilipe. Alinde mali, azuie ngumi, aandike katika kitabu cha kituo nani anadai nini na tangu lini, maana maandishi hayo huweza kuwa ushahidi. Kisha amweleze mdai njia iliyopo. Madai yasiyozidi shilingi milioni 10 husikilizwa katika utaratibu wa madai madogo uliowekwa mwaka 2011, bila kulazimika kuwa na wakili, mbele ya hakimu. Deni la safari chache za mchanga mara nyingi huingia humo. Vibarua wanaodai ujira waelekezwe kwa ofisa wa kazi wa wilaya, chini ya Sheria ya Ajira ya mwaka 2006, na wapewe jina la ofisi hiyo na mahali ilipo kabla hawajaondoka langoni.