Ufalme umeisha, urithi je?

Ukiwatazama maharaja wa India mitandaoni, utadhani maisha yao ni vilemba, farasi wa polo na harusi za kifahari tu. Lakini hebu tujiulize: mfalme asiye na ufalme anahifadhi nini hasa?

India ilipopata uhuru mwaka wa 1947, milki zaidi ya 500 zilizokuwa chini ya wafalme ziliunganishwa na taifa jipya. Wafalme wakaahidiwa posho ya serikali. Mwaka wa 1971, serikali ya Indira Gandhi ilibadilisha katiba, ikafuta posho hiyo pamoja na vyeo vyao. Maharaja akawa raia kama wewe, ila huyu ana jumba la mamia ya vyumba la kutunza na posho ndiyo hiyo imeenda.

Familia ya Jodhpur, katika jimbo la Rajasthan, haikukaa kulilia enzi. Gaj Singh, aliyerithi kiti mwaka wa 1952 akiwa na miaka minne tu baada ya babake kufariki katika ajali ya ndege, aliiweka ngome ya Mehrangarh chini ya wakfu mwaka wa 1972. Ngome hiyo, iliyoanza kujengwa mwaka wa 1459, sasa ni makumbusho, na wageni hulipa kiingilio. Tangu 2007 kuna tamasha la muziki wa kiasili ndani yake, ambapo Wamanganiyar, Waislamu ambao kwa vizazi wamewaimbia Wahindu wa ukoo wa Rajput, hupata jukwaa na ujira. Nalo jumba la Umaid Bhawan limegawanywa: hoteli, makumbusho na makao ya familia.

Hapo tunawapa heko. Urithi usiolipa bili zake huporomoka.

Lakini majengo ni rahisi. Kazi ngumu ni kuchagua maadili. Ujenzi wa Umaid Bhawan ulianza mwaka wa 1929, na sababu moja ilikuwa kuwapa ajira watu waliokumbwa na ukame na njaa. Hilo ni la kurithiwa: mwenye nacho akumbuke walio nje ya lango.

Sasa nenda Mehrangarh, kwenye lango la Loha Pol. Ukutani kuna alama za viganja vya wajane wa Maharaja Man Singh, walioteketea katika moto wa kuchoma maiti ya mume wao mwaka wa 1843. Hayo nayo yaliitwa heshima ya familia. Leo sheria ya India ya 1987 inakataza hata kuisifu mila hiyo.

Msimamo wetu ni huu: alama zile zisifutwe, na pia zisirembwe. Mgeni aambiwe wazi kilichotokea, jinsi anavyoambiwa kuhusu panga na vito. Vilevile asimuliwe kuhusu mafundi na vibarua walioyabeba mawe yale, maana bila wao hakuna jumba la kupigia selfi.

Kijana wa Jodhpur huenda asilale hata usiku mmoja katika hoteli ile. Basi ngome ibaki mahali anapoweza kuingia, kusoma historia yake yote na kupata kazi. Bila hivyo, familia itakuwa imehifadhi mali yake tu, na kuiita urithi wa watu ni kuwapaka watu mafuta kwa mgongo wa chupa.