Mchango wa uzeeni usiishie kwenye slipu

Na Zuhura Hamisi

Chemba ni wilaya ya alizeti, ufuta na uwele, kwa hiyo kodi ikitajwa hapa watu huwaza ushuru wa mazao. Leo nawasemea wachache wanaosahaulika: walioajiriwa na watu binafsi. Mwalimu wa shule isiyo ya serikali, muuguzi wa zahanati ya dini, karani wa kiwanda cha kukamua mafuta.

Hawa hawajazi ritani. Chini ya Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004, mwajiri ndiye anayekata PAYE na kuipeleka TRA ndani ya siku 7 baada ya mwezi kwisha. Kama kipato chako ni mshahara huo mmoja tu, huna fomu ya kujaza. Unafuu huo ndio unaonitia hofu, maana umewazoesha watu kutazama mstari mmoja tu wa slipu, ule wa fedha ya kupokea.

Chukua mshahara wa shilingi 600,000. NSSF inadai asilimia 20, na mfanyakazi hakatwi zaidi ya nusu yake, yaani 60,000. Mchango hutoka kwanza, ndipo kodi ipigwe kwenye 540,000 zilizobaki. Shilingi 270,000 za mwanzo hazitozwi. Zinazofuata 250,000 hutozwa asilimia 8, ambayo ni 20,000, na 20,000 za juu hutozwa asilimia 20, ambayo ni 4,000. PAYE ni 24,000. Mhasibu akiipiga kodi kwenye 600,000 nzima, atakukata 36,000. Hiyo ni 12,000 ya ziada kila mwezi, 144,000 kwa mwaka: ada na sare za mtoto zimeondoka bila wewe kujua.

Mtumishi wa umma hukatwa asilimia 5 na serikali humwongezea 15, zote zikienda PSSSF, mfuko uliozaliwa mwaka 2018 kwa kuunganisha PSPF, LAPF, PPF na GEPF. Utaratibu wa kodi ni uleule.

Kosa la hesabu, hata hivyo, hurekebishika. Linaloniuma ni jingine. Slipu inaweza kuonyesha 60,000 zimekatwa, PAYE ikapigwa sawasawa, TRA ikapokea chake, na NSSF isione hata senti. Mwajiri hupeleka jedwali moja TRA na jingine NSSF, na mfanyakazi haoni hata mojawapo. Pensheni ya NSSF inataka michango ya miezi 180. Mwezi ambao fedha haikufika haumo kwenye taarifa yako, na wengi huligundua hilo wakiwa na miaka 60, mwajiri amekwisha kufunga biashara.

Jirani zetu Kenya hupewa fomu ya P9 na kila mmoja hujaza ritani yake kwenye iTax kabla ya Juni 30 kwisha, akiandika mwenyewe mchango wake wa uzeeni. Marekani mchango wa uzeeni wa 401(k) husomeka kwenye kisanduku cha 12 cha fomu ya W-2, kwa herufi D. Siombi tubebeshwe makaratasi hayo. Ninachokipenda kwao ni kwamba mtu hulazimika kuitazama namba yake walau mara moja kwa mwaka.

Sisi tuna njia fupi zaidi. TRA na NSSF wayalinganishe majedwali yao kila mwezi, kwa namba ya NIDA ya kila mfanyakazi. Mchango ulioandikwa TRA lakini haujafika NSSF uwe deni la mwajiri siku hiyohiyo, na mfanyakazi asiguswe wala asipoteze nafuu yake ya kodi, kwa kuwa fedha yake imekwisha kukatwa.

Wakati hilo likisubiriwa, dai slipu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri akupe mchanganuo wa maandishi wa malipo na makato yako. Kisha omba taarifa ya michango NSSF na uyalinganishe mawili hayo mwezi kwa mwezi. Na NSSF nao wasingoje watu wa Farkwa na Kwa Mtoro wapande basi mpaka Dodoma mjini kuuliza swali la dakika 5. Waje huku na kompyuta zao, wiki ya mishahara, wakae siku nzima.