Kabla ya Kudai Ligi Kuu, Tudai Umiliki

Ndugu zangu wa Songea na Ruvuma yote,

Nawaandikia kutoka Sacramento, California. Kiu yenu ya kuiona tena Songea kwenye Ligi Kuu ni ya haki, wala si ndoto ya watu wasiojua mpira. Majimaji, Wanalizombe wetu, walitwaa ubingwa wa Ligi ya Muungano mwaka 1985, wakaurudia 1986, kisha 1998. Walipanda tena msimu wa 2015/16, wakashuka mwaka 2018 pamoja na Njombe Mji. Tangu hapo, mara nyingi anayetaka kuiona Simba au Yanga ikicheza mechi ya ligi anafunga safari kwenda mkoa mwingine, au anajibana kwenye kibanda umiza. Shaka yangu iko kwenye mpangilio wa madai yetu: tunalilia kupanda daraja kabla ya kuuliza timu itakuwa mali ya nani.

Tazameni Mbarali. Novemba 2022 timu yao, Ihefu, iliifunga Yanga mabao 2-1 na kukata mwendo wa mechi 49 za ligi bila kupoteza. Wilaya nzima ilitembea kifua mbele. Mwaka 2024 timu hiyo ilihamia Singida na kuitwa Singida Black Stars. Mashabiki wa Mbarali walikuwa na jezi na sauti, lakini hawakuwa na hati. Huku nilipo pia, mashabiki wa timu ya Sacramento Republic walipiga kampeni kwa miaka, na Oktoba 2019 jiji likakubaliwa kuingia ligi kuu ya Marekani, MLS. Februari 2021 tajiri aliyekuwa mwekezaji mkuu alijitoa, na nafasi ikayeyuka. Cha kuazima hakisitiri matako. Tofauti ni kwamba Marekani nafasi hununuliwa, ilhali kwetu ngazi ipo wazi: timu inaweza kuanzia chini ikapanda kwa miguu ya wachezaji wake.

Najua nitajibiwa kwamba umiliki haununui mafuta ya basi. Ni kweli. Songea iko zaidi ya kilomita 900 kutoka Dar es Salaam, na mkataba wa matangazo wa Azam wa mwaka 2021, shilingi bilioni 225.6 kwa miaka 10, ni wa Ligi Kuu. Anayehangaika madaraja ya chini anajitegemea kwa sehemu kubwa. Lakini timu ya wanachama haifukuzi mwekezaji. Utaratibu uliowekwa na serikali kwa klabu za wanachama unajulikana: asilimia 51 kwa wanachama, 49 kwa wawekezaji. Mwenye fedha anakaribishwa mezani, ila hawezi kuamka siku moja akaibeba timu kwenda mkoa mwingine. Na mkoa unaolima mahindi ya kulisha nchi, wenye kahawa ya Mbinga na korosho za Tunduru, hauwezi kusema hauna watu wa kulipia kadi. Wakulima wetu wamezoea vyama vya ushirika, AMCOS. Daftari la wanachama na mkutano mkuu si mambo ya kigeni kwao.

Wengine watanikumbusha Stand United ya Shinyanga, timu iliyoanzishwa na watu wa stendi, ikapanda, ikapata udhamini wa kampuni ya madini ya Acacia, kisha ikagawanyika kati ya waliotaka iwe kampuni na waliotaka ibaki ya wanachama. Ilishuka mwaka 2019. Wapo wanaohitimisha kwamba wanachama ni chanzo cha vurugu. Mimi nasoma kinyume: fedha nyingi zilitangulia kabla watu hawajakubaliana nani mwenye timu. Wapo pia watakaosema tutafute mkubwa, kwani Ruangwa ilipanda na Namungo mwaka 2019 mbunge wake akiwa Waziri Mkuu, na msimu wa 2020/21 ikafika hatua ya makundi ya Kombe la Shirikisho Afrika. Sibezi mafanikio hayo. Lakini cheo ni dhamana ya muda, na klabu inapaswa kuishi muda mrefu kuliko cheo cha mtu.

Kwa hiyo, iwe ni Majimaji au Songea United iliyocheza Championship msimu wa 2024/25, maswali yawe yale yale: katiba iko wapi, orodha ya wanachama ina nani, hesabu zinasomwa lini, na timu inaweza kuuzwa au kuhamishwa kwa kura ya nani? Yakijibiwa hadharani, mchango utakuwa na pa kwenda. Nasi wa ughaibuni tusipewe kiti cha mbele kwa sababu ya dola. Tulipe kadi kama muuza mbogamboga wa sokoni, tupige kura moja kama yeye, na tukishindwa kwa hoja tukubali.

Ndugu yenu,
Mwanalizombe wa Sacramento